Hesabu ya Ukoo

Nkwimba alikuja Igoma na chupa ya jamu isiyo na jamu,
akaomba kukaa na gogo langu.
Si mbao zilizopangwa. Gogo.
Lile la mvule, limelala nyuma ya choo
tangu mvua zile zilizobomoa nusu ya mtaa.
"Mama mdogo, lina wapangaji," akasema.

Nikadhani anatania. Mimi nakula kwa randa.
Mdudu kwangu ni hasara, ni unga wa njano
unaomwagika chini ya kitanda cha mteja
ambaye bado hajamaliza kulipa.

Siku tatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Alikunywa uji wangu, habari akaninyima.
Siku ya nne, saa saba, bati likilia kwa jua
na harufu ya ziwa imekatika,
alinishika mkono: "Tazama. Usipumue."

Kalikuwa keusi. Kanyigu kama punje ya mtama,
na nyuma yake uzi, uzi mrefu kuliko mwili wote,
kama mtu mfupi aliyetumwa na mkuki wa babu yake.
Kalitembea juu ya gome kakigonga kwa vipapasio,
kagonga, kasikiliza, kagonga,
nilivyogonga mimi kila ubao kabla ya kuulipia.
Kwenye ufa kakasimama.
Uzi ukaingia.

Huko ndani, alinong'ona, kuna buu la dumuzi
linatafuna mvule bila haraka, halijui siku.
Sasa lina yai ubavuni.
Atakayetoka humo atakula polepole,
kwa adabu ya mgeni
asiyetaka mwenyeji aoze mapema.

"Ukoo wao mdogo," akasema.
"Walio hai, ukiwaandika mmoja mstari mmoja,
daftari la shule halijai.
Wengine wako ndani ya utomvu uliogeuka jiwe.
Walikufa kabla hapa hapajawa ziwa,
kabla hapajawa hata na mtu wa kupaita hapa."
Akanionyesha mmoja kwenye simu:
njano ya asali, na humo yeye, mguu mmoja juu,
kama aliyeitwa jina, akageuka.

Nilirudi kwenye msumeno wangu nikashindwa kukata.

Nilikuwa na miaka mitatu nilipopelekwa Kayenze
kwa shangazi Mbuke. Alikuwa na wake watatu.
Surua ikapita mwezi wa mavuno.
Akabaki na mmoja, na huyo mmoja
hakuwa wa tumbo lake.
Gauni la Kwandu lilinikaa bila kukunjwa.
Maziwa yaliyokuwa ya vinywa vinne
yakawa yangu, na mafuta juu yake.
Mumewe akanifunza randa aliyomwekea Shija.
Sikuua mtu.
Lakini nilinenepa.

Kayenze makaburi yetu ni kumi na saba,
mawe tu, ukiwa mgeni utaketi juu yake.
Juu ya ardhi tupo watatu: mimi,
Masalu wa Geita anayepiga simu akiishiwa,
na huyu anayehesabu nyigu.

Nkwimba alikuwa amefungua chupa.
Aliishusha taratibu, kama anayefunika chungu.
Nikamshika kifundo cha mkono, nikasema
muache amalize.
"Mama mdogo, nimetafuta miaka miwili."
Muache amalize.

Kalimaliza. Kakauvuta uzi wake, kakaupangusa,
kakapita juu ya bati la jirani na hatukukaona tena.
Hakunisemesha mpaka ugali wa jioni,
na hata hapo aliomba chumvi tu.
Chupa ilirudi Nyegezi tupu.

Jana kaja mtu wa Buzuruga, ana pesa mkononi,
anataka mvule mkavu wa milango miwili.
Kalizunguka gogo, kalipiga kofi,
likamjibu vizuri.
Nikamwambia limeoza.